Siku Nne kwa Gari la Kukodi: Kuuzunguka Uwanda wa Makonde kutoka Mtwara

Mimi na mke wangu tumeishi Mtwara mjini kwa miaka 11, na katika muda huo wote barabara ya kwenda Masasi tulikuwa tukiijua kwa kuichungulia dirishani mwa basi, tukiwa tumebanwa na mizigo na basi likikimbilia kituo kinachofuata. Mwezi Septemba uliopita tuliamua kukodi gari pamoja na dereva kwa siku nne ili tuuzunguke uwanda wa Makonde, nchi tambarare iliyoinuka juu ya mabonde, bila haraka: tutoke Mtwara kupitia Mikindani na Mnazi Mmoja hadi Masasi, tupande Newala, kisha turudi nyumbani kwa njia ya Tandahimba na Nanyamba. Naandika uzoefu huu kwa ajili ya watu wanaopenda miti, mawe na anga pana, na wanaojiuliza kama gharama ya gari la kukodi ina thamani katika safari ya namna hii.

Tulilipa shilingi 170,000 kwa siku, posho ya dereva ikiwa ndani yake, na mafuta yakawa juu yetu. Gari lilikuwa limeinuka vya kutosha na linavuta kwa magurudumu yote manne, jambo ambalo kwa upande wa Newala nalihesabu kuwa la lazima. Viti vilikuwa safi. Kiyoyozi hakikufanya kazi, lakini tulisafiri vioo vikiwa wazi kwa hiari yetu, kwa hiyo sikukihitaji.

Kilichotupa faida kubwa kuliko gari lenyewe ni dereva. Alikuwa mzee wa makamo ya miaka sitini, mzaliwa wa upande wa Nanyamba, na tangu tulipomwamkia asubuhi ya kwanza alituuliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu wa kazi yake: tunataka kufika, au tunataka kuona? Tulipomjibu kwamba tunataka kuona, hakukimbiza gari tena hata mara moja. Penye mibuyu ya Mikindani alisimama kabla hatujamwomba, akaegesha mahali ambapo mikoko ya ghubani inaonekana mpaka mizizi yake, kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa. Kila aliposimama alizima injini. "Mwalimu, nikizima ndipo mtakaposikia," alisema, na ni kweli, kwa sababu ndege wa porini hawasikiki kamwe gari likiwa linanguruma.

Baada ya Mnazi Mmoja barabara inaingia katika bonde la mto Lukuledi, na hapo ndipo nashauri kila msafiri akae upande wa kushoto. Ukingo wa uwanda wa Makonde unakufuata upande huo kama ukuta mrefu wa kijani, ukikaribia na kujitenga tena, hadi Ndanda, ambako uko karibu kabisa na makazi. Ndanda inajulikana kwa abasia, yaani monasteri, ya watawa Wabenediktini na hospitali yake, lakini sisi tulikwenda kuangalia chemchemi. Juu ya uwanda udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama badala ya kutiririka, na maji hayohayo huja kutokeza chini ya mteremko. Ndiyo maana Ndanda kuna migomba na kivuli hata mwezi Septemba, wakati vijiji vya juu vimekauka na maji yake husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Nilikuwa nimelisoma jambo hili zamani. Kulishika kwa mkono, maji yakiwa baridi kiasi cha kuumiza vidole, ni habari nyingine.

Masasi tulifika alasiri, wakati mzuri kuliko yote, kwa sababu milima ya mawe inayouzunguka mji hubadilika rangi jua linaposhuka, kutoka kijivu kwenda wekundu wa matofali. Ni miamba migumu iliyobaki imesimama baada ya ardhi laini iliyoizunguka kumomonyoka kwa muda mrefu mno. Asubuhi yake kijana mmoja wa mtaani alitupandisha mwamba mmoja wa chini, na katika nyufa zake tulikuta nyasi na vichaka vimejishikiza kwenye udongo usiojaa kiganja, na pimbi wawili wakiota jua. Njiani kuelekea huko miti ya miombo ilikuwa ndiyo kwanza inachipua, na majani yake machanga ni mekundu, kiasi kwamba kwa mbali kilima kizima huonekana kama kinawaka moto. Mtu anayepita kwa basi anaweza kudhani ni msitu uliokauka.

Newala ndiyo sababu yangu ya kuandika. Mji uko ukingoni mwa uwanda, na mahali panapoitwa Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako. Dereva alitugongea mlango saa kumi na moja alfajiri, naye hakuwa na wajibu wowote wa kufanya hivyo. Jua lilichomoza nyuma yetu, kwa hiyo kivuli cha uwanda wenyewe kilikuwa kimelala juu ya bonde lote, na tukakitazama kikirudi nyuma polepole kuelekea kwetu, kikifunua kwanza upande wa Msumbiji, kisha mchanga mweupe wa mto Ruvuma, kisha mashamba yaliyo chini ya miguu yetu. Ilichukua zaidi ya saa moja. Mke wangu hakusema neno katika muda wote huo, na mimi pia sikutaka kusema.

Sasa niseme kasoro, kwa sababu ni kubwa. Siku ya tatu, kati ya Newala na Tandahimba, tairi la nyuma lilitoboka, na tairi la akiba tulilopewa likakutwa halina upepo kabisa. Ni uzembe wa ofisi iliyotukodisha, wala si wa dereva, ambaye alikabidhiwa gari usiku wa kuamkia safari. Ilibidi bodaboda alibebe tairi hadi kwa fundi, nasi tukasubiri saa mbili na nusu kando ya barabara ya vumbi. Kama ingekuwa msimu wa mvua, au tungekuwa na mtoto mdogo, nisingelisamehe jambo hili.

Tulisubiri chini ya mikorosho, na hapo mzee akainamisha tawi moja ili tuone hatua zote kwa pamoja. Maua ni madogo, meupe yenye michirizi ya waridi, na harufu yake ni nzito kuliko unavyotegemea. Kwenye kikonyo kingine korosho ilikuwa imeshafikia ukubwa wake, ya kijani, imejipinda kama figo, na bibo, lile tunda laini lililo juu yake, bado dogo kama ncha ya kidole. Korosho hutangulia kukua, bibo huvimba baadaye. Nimekula korosho maisha yangu yote na sikuwahi kujua. Akatueleza pia jinsi wakulima wanavyopuliza salfa kuyakinga maua dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, na kwa nini kazi hiyo hufanywa alfajiri, umande ungali majanini, ili unga ushike.

Kutoka Tandahimba hadi Mnivata njia ilikuwa ya vumbi na magari ya ujenzi, na kilomita 50 za mwisho kuingia Mtwara zina lami. Kipande hiki hakikunivutia sana, na atakayekosa muda anaweza kukipita bila kusimama.

Tuliporudi nililalamika kwa maandishi, nikarudishiwa shilingi 50,000. Mwezi Juni, masika yakishapita, tutakwenda msitu wa Rondo, makazi ya komba mdogo wa Rondo, anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Nimemwomba dereva yuleyule, na kwenye makubaliano nimeandika kwamba tairi la akiba lipimwe upepo mbele yangu kabla sijalipa.