Jiko la jua la boksi (Moshi): kwenye kioo msibane hela

Naandika kwa wazazi ambao likizo watoto wanashinda kwenye simu. Hili jiko tumelitengeneza wenyewe nyumbani, mimi na wanangu na wa jirani, na kiukweli nalikubali sana, sema kuna tofauti kubwa kati ya jiko linaloivisha na boksi linalopasha moto tu.

Tofauti yenyewe ni kioo, kile cha kuona ng'ambo kinachofunika mdomo wa boksi. Wengi wanashauri nailoni ngumu maana ni bei rahisi, mi nasema achaneni nayo, ikipata joto inalegea, upepo unapenya pembeni joto lote linaondoka. Nendeni kwa fundi vioo awakatie kulingana na mdomo wa boksi, mm 3 inatosha, na mwambieni asage kingo zote kwasababu ni watoto watashika. Fundi niliyempata karibu na soko la Mbuyuni aliposikia ni la watoto akasaga mpaka kona, nimepitisha kidole hakuna kinachokwaruza, huyo nampa tano zote. Kioo ndo kilikula hela kuliko vyote. Mengine ni ya kuokoteza: maboksi mawili ya dukani, dogo linaingia ndani ya kubwa, katikati mnashindilia magazeti au maranda ya seremala joto lisitoroke, kuta za ndani mnabandika foili na chini mnapaka rangi nyeusi, halafu kifuniko nacho kiwe na foili mkisimamishe kirudishe jua ndani.

Sufuria msinunue! Chukueni ile ya kuni yenye masizi yake. Tuliweka maji kwenye sufuria mbili, moja inang'aa moja nyeusi, zote humo humo ndani, baadae watoto wakafunua: kwenye ya kung'aa maji vuguvugu, kwenye nyeusi mvuke ukawapiga usoni, wakapiga kelele mpaka jirani akaja kuangalia. Hapo sikuhitaji kufundisha kwamba nyeusi inanyonya jua, wameshaona. Mkubwa akauliza nani alianzisha, nikamwambia ni Mswisi, Horace-Bénédict de Saussure, mwaka 1767 alitengeneza boksi la vioo la kunasa joto la jua, akashangaa kumbe ni jambo la zamani hivyo.

Kwenye kupika sasa. Viazi vitamu vinatoka vitamu balaa, mayai yanaiva bila maji kabisa, wali unaiva ila anzeni saa nne asubuhi kwa chakula cha mchana na msifunue funue, kila mkifunua mnaanza upya. Maharage mabichi hapana, joto la boksi halitoshi kuyachemsha inavyotakiwa, yachemsheni kwanza kwenye mkaa au gesi yaive ndo myamalizie juani. Na vitambaa vya kushikia viwepo, sufuria ikitoka humo inaunguza kama ya jikoni, pia watoto wasikodolee foili jua likiwaka.

Kilichonifanya nisitoe nyota tano ni hali ya hewa yetu. Juni na Julai mlima ukijifunika na mawingu yakashuka mpaka mjini, hata yai haliivi, kwahiyo msiuze jiko la gesi. Januari na Februari ndo wakati wake. Wa mitaa ya Pasua na Majengo hapa Moshi vumbi linajaa kwenye kioo, futeni kila mnapotaka kupika. Nyota nne.