Baskeli ya kukodi, Mjini hadi Mangapwani: spoku imekatika, amana imeliwa

Kwanza njia, maana njia haina kosa. Hapa Unguja, kutoka Malindi, Maruhubi, Mtoni, Kibweni hadi Bububu ni tambarare, na ndiko ilikopita ile reli ya Wamarekani iliyoanza kazi 1905, maili 7 tu. Leo ni lami, na gari za abiria za njia namba 502 zinasimama ghafla kushusha watu, kwa hiyo tokeni alfajiri.

Chuini ndipo gurudumu la nyuma lilipolia "ta!" na rimu likaanza kusugua breki. Spoku ya upande wa friwili, yale meno ya nyuma yanayovutwa na cheni, imekatika kwenye kiwiko, pale inapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Aghlabu huwa upande huo, kwa sababu spoku zake hukazwa kuliko za kushoto. Na ikikatika moja, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo hazikawii kufuata.

La kufanya njiani: isokote iliyokatika kwenye jirani yake isije ikaingia kwenye cheni. Rimu litakuwa limevutwa kushoto. Lirudishe kwa kulegeza spoku mbili za kushoto zilizo karibu na pengo, nusu mzunguko kila moja. Likisugua bado, achia breki ya nyuma na utegemee ya mbele. Mzigo uhamishie mbele, na kwenye mwinuko usisimame juu ya pedali. Hivyo nilifika Mangapwani na kurudi. Spoku yenyewe huwezi kuibadilisha mpaka friwili itoke, na ufunguo wake sikupewa, wala spoku ya akiba, wala kiraka!

Hayo ningeyasamehe wallahi. Baskeli nyepesi, breki zinashika, kiti hakiumizi. Nilikuwa tayari kuwasifu. Lakini yule bwana mkodishaji hakusema hata pole. "Umepakia mzigo mkubwa wewe. Amana hairudi." Nikamwonyesha pale ilipokatika: sehemu kubwa nyeusi, imeshika kutu, ukingo mdogo tu ndio unaong'aa. Chuma kilichokatika leo hung'aa chote. Weusi ule ni ufa wa zamani, umeingia chumvi ya pwani siku nyingi kabla yangu. Mzigo wenyewe nguo na maji! Akaitupa spoku kwenye ndoo, akamgeukia mteja mwengine.

Nilitaka kuandika "kodini, ila mkague". Hapana. Pale msikodi kabisa.

Kwengine, kabla hujatoa pesa, binya spoku mbili mbili mzunguko mzima. Ukikuta iliyolegea kuliko wenzake, baskeli irudishe. Zungusha gurudumu utazame rimu linavyopita kwenye mipira ya breki. Pitisha kucha kwenye viwiko vya upande wa friwili, kutu huanzia hapo. Omba pampu, viraka na spoku mbili za kipimo cha gurudumu hilo hilo. Na amana iandikwe kwenye karatasi pamoja na hali ya magurudumu, mtie saini nyote wawili. Akikataa kuandika, muachie baskeli yake.