TAHADHARI: Anayeuza seti za brashi ya hewa Kariakoo, msimpe hata senti

Wadau, yule jamaa ambaye wengi wenu mnaulizia bei zake ni tapeli. Msiseme bidhaa ilikuwa na kasoro kwa bahati mbaya. Alipanga. Seti ya kundi, yaani kompresa ya kusukuma hewa na brashi ya kupulizia rangi kwa hewa hiyo, ile tuliyochangishana laki tatu na themanini ili vijana waanze kupaka sanamu zao ndogo kwa kupulizia, imeungua motor ya kompresa. Brashi yenyewe ni feki, na nozeli yake, kile kitundu cha ncha kinachotoa rangi, imepasuka ikazibwa kwa nta.

Sikilizeni alivyofanya, maana alifanya mchana kweupe mbele ya watu wazima wanaoijua kazi. Kompresa ilikuwa juu ya kaunta: ya pistoni, tangi la lita 3 kwa chini, umbo la modeli ya AS-186, yaani ile ile inayopendekezwa kwa kila anayeanza na mfuko mdogo. Akaiwasha. Ikajaza tangi, ikajizima presha ilipofika bar 4 hivi. Akaachia hewa, mshale wa geji ukashuka, kwenye bar 3 ikawaka tena yenyewe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kufanya. Akashusha regulata, kidhibiti cha presha, hadi psi 20, akadondosha maji yenye rangi ya keki kwenye kikombe cha brashi, akabonyeza triga chini hewa ikatoka, akaivuta nyuma kidogo, ukatoka mstari mwembamba kabisa kwenye karatasi nyeupe. Akavuta zaidi, mstari ukapanuka bila kurusha tone. Akatupa na sisi tujaribu, ikapuliza safi. Waya wa kompresa ulipita nyuma ya kaunta, na ulikochomekwa hakukuonekana.

Na msituulize kwa nini tulimwamini, kwa sababu kila alichosema kuhusu kazi hii kilikuwa sahihi. Alisema kompresa isiyo na tangi hupuliza kwa mapigo mapigo, na kwenye uso wa askari wa sentimita tatu mapigo hayo yanaonekana. Sahihi. Alisema zile ndogo za kuchaji, zinazofungwa chini ya brashi, ni za kucha na keki, nyingi hazina regulata wala kichungi cha maji, na kwa unyevu wa Dar utatemewa matone ya maji katikati ya kazi. Sahihi. Alisema mwanafunzi aanze na sindano ya milimita 0.3, kwani 0.2 itamzibia kila mara kabla hajajua kuchanganya rangi, na 0.5 abaki nayo kwa praima (rangi ya msingi) na vanishi. Nani angebisha hapo? Hata bei hakuitupa chini kiasi cha kutia shaka. Alichukua ujuzi wa fani akaufanya chambo, na hilo ndilo linalochoma zaidi.

Sasa ukweli wa kompresa. Ilipochomekwa kwenye soketi ya kawaida ilinguruma vibaya, ikawa ya moto ndani ya muda mfupi, ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikanyamaza moja kwa moja. Ubavuni ina kibandiko kipya cha "220V". Kukibandua, chini yake kuna kile cha kiwandani: 110–120V, 60Hz. Ni kompresa ya soko la Marekani. Umeme wetu ni 230V, 50Hz, kwa hiyo motor ilipewa karibu mara mbili ya inachostahimili. Pale dukani ilikuwa inakula umeme kupitia transfoma ya kushusha, iliyofichwa chini ya kaunta. Mdau mmoja alirudi kudai akaiona kwa macho yake, ipo mpaka leo. Mtu huyu aliweka transfoma kwa sababu alijua fika kitakachotokea bila hiyo, halafu akatufungia boksi na kututakia kazi njema!

Brashi nayo. Imechongwa jina la kampuni ya Iwata na modeli yake ya HP-CS. Eclipse HP-CS halisi inatumia nozeli ya 0.35 ambayo unaidondosha tu mahali pake, kofia ndiyo inayoibana, hakuna spana. Hii ya kwake ina kinozeli kidogo cha kukaza kwa nyuzi, spana ndogo imo kwenye boksi, na imeandikwa 0.3. Nieleweke: brashi ya bei nafuu yenye nozeli ya nyuzi si takataka, wengi wanajifunzia hiyo na inapaka vizuri. Lakini iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Halafu hata haikuwa mpya. Vile vinozeli ni laini mno, vinakazwa kwa ncha za vidole na spana inagusa tu mwishoni. Ukitia nguvu vinapasuka au nyuzi zinakatikia ndani ya brashi. Hiki mtu alishakipasua, wakapaka nta ya nyuki juu ya ufa. Kwa maji ya rangi, dakika mbili tatu, huoni kitu. Tulipoweka akriliki halisi, iliyoongezwa thina hadi ikawa kama maziwa, ilipuliza kidogo tu. Ilipooshwa kwa thina, nta ikayeyuka, na rangi iliyofuata ikaanza kububujika kikombeni: hewa inapenya kwenye ufa na kurudi nyuma kupitia njia ya rangi. (Viputo vinaweza pia kuletwa na nozeli isiyokaa sawa au rangi iliyokauka kwenye ncha, kwa hiyo safisha na ukaze upya kabla ya kumlaumu mtu. Hapa ufa unaonekana kwa kioo cha kukuzia.) Oringi, zile pete za mpira za ndani, zimevimba na kulegea, alama ya brashi iliyolowekwa nzima kwenye asetoni. Sindano imekunjwa ncha na kunyooshwa. Ukiizungusha juu ya ukucha inakwaruza, na rangi inatoka upande.

Dalili za kumjua: anajaribisha kwa maji tu, ukitoa rangi yako anasema utamchafulia mali. Plagi huioni. Kibandiko juu ya kibandiko. Risiti ya EFD, ya mashine ya kodi, hatoi, ukimbana anakuandikia karatasi isiyo na jina la duka. Basi nendeni na rangi yenu na thina yenu, chomekeni wenyewe kwenye soketi ya ukutani, fungueni nozeli na kuiangalia kabla ya kulipa. Akikataa, ondokeni.

Huyu hastahili kurudisha pesa tu. Kubandika jina la kampuni ya watu kwenye bidhaa feki ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kukamata mzigo wake wote. TRA nao waje wamuulize risiti. Afungiwe, apigwe faini, na mzigo uteketezwe, kwa sababu kompresa inayoungua ndani ya nyumba yenye makopo ya thina mezani si hasara ya laki tatu tu, ni moto. Angeua mtoto wa mtu kwa ajili ya kibandiko!

Aliyenunua kwake na bado hajachomeka, asichomeke. Bandua kile kibandiko cha juu, piga picha ya cha chini, piga na ya nozeli, unitumie pamoja na ujumbe wa muamala wa simu. Tunapeleka malalamiko yote kwa pamoja.