Faili la hosts au dnsmasq?

Unataka miradi ya wavuti unayoijenga kwenye kompyuta yako ifunguke kwa jina kama duka.test? Kwa miradi miwili mitatu, /etc/hosts, faili la mfumo linalooanisha majina na anwani za IP, inatosha: ongeza mstari `127.0.0.1 duka.test` (127.0.0.1 ni kompyuta yako yenyewe), hifadhi, basi. Ila haikubali nyota (*) ya kuwakilisha jina lolote, kwa hiyo api.duka.test na admin.duka.test utayaandika moja moja. Wala usibandike namba ya poti kama :3000 hapo. Faili hili halijui habari za poti, hiyo ni kazi ya Nginx, seva ya wavuti inayopeleka maombi kwenye poti ya mradi.

dnsmasq, seva ndogo ya DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani za IP), inataka mstari mmoja tu kwenye mipangilio yake, `address=/test/127.0.0.1`, na kila jina linaloishia na .test linarudi kwenye kompyuta yako. Kero iko Ubuntu: systemd-resolved, huduma ya mfumo ya kutafuta majina, imeshakalia poti 53 ya DNS, hivyo dnsmasq hugoma kuwaka mpaka uweke `listen-address=127.0.0.1` pamoja na `bind-interfaces`. Miradi ikizidi mitano, usumbufu huo unalipa.

Kokote uendako, majina ya .dev yaache: Chrome huyalazimisha HTTPS, yaani muunganisho uliosimbwa.