Siku ya maelekezo sekondari ya juu Japani: nimempeleka mdogo wangu, haya ndo maoni yangu

Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wenye familia huku Japani, hasa nyumba ambazo wazazi wako shifti muda wote na mtoto ndo kafaulu kuingia sekondari ya juu. Ile siku ya maelekezo ya mwezi wa tatu, kabla masomo hayajaanza Aprili, inataka mwanafunzi aje na mlezi. Sisi mama alikuwa kiwandani, baba bandarini kwenye magari, tukapiga simu shuleni wakasema dada mkubwa anafaa tu mradi fomu zimeshasainiwa na kugongwa muhuri nyumbani. Kwa hiyo nikaenda mimi na dogo. Shule ni ya serikali ya mkoa, Kanagawa, jina naliacha.

Mpangilio nawapa maksi zote. Kuanzia getini kuna mishale, kuna wanafunzi wakubwa wanakuelekeza, unapewa bahasha nene na kila karatasi ndani ina namba. Bebeni malapa yenu ya ndani na mfuko wa kuwekea viatu, kila mtu anavua mlangoni, na vaeni nguo nzito jamani, ukumbi wa michezo mwezi wa tatu ni baridi kali na hita ni mbili kule mbele kwa walimu.

Maelezo yenyewe sasa, hapo ndo shida. Anapanda mwalimu wa taaluma, anashuka, anapanda wa nidhamu, mhasibu, nesi, mtu wa kamati ya wazazi, wote wanasoma haraka karatasi uliyonayo mkononi, slaidi zimejaa kanji tupu, yale maandishi ya Kijapani yenye asili ya Kichina, bila hata kusaidiwa jinsi ya kuzisoma. Dogo anasoma Kijapani vizuri ila Kijapani cha ofisi bado, kila saa "dada, hapo wamesema nini?" na mimi naandika pembeni huku nasikiliza, na nikaangalia nyuma kuna mama mmoja Mfilipino amekaa peke yake kashika tu ile bahasha. Iliniuma sana. Kanagawa hiyohiyo wakati wa kuchagua shule wana vitabu vya mwongozo kwa Kichina, Kitagalogi, Kireno, Kihispania na lugha nyingine, mtoto akishafaulu ndo unaachwa na kanji, kwa nini? Karatasi moja tu ya lugha nyepesi ingetosha.

Na mambo ya hela ndo yanapita hapo kwa kasi hiyo. Karo ya shule ya serikali ni yen 118,800 kwa mwaka na upo msaada wa serikali unaoibeba yote, ila hauji wenyewe, lazima uombe, siku hizi ni kwenye mfumo wa mtandaoni unaitwa e-Shien, unaingia kwa namba ya siri iliyo kwenye ile bahasha, na una tarehe ya mwisho. Kama viza yenu ni ya aina nyingine tofauti na ukaazi wa kudumu ulizeni ofisi ya shule palepale kabla hamjaondoka. Vitabu mnanunua wenyewe, vya bure viliishia shule ya kati. Chakula cha mchana pia hakuna, ni bento (chakula cha kwenye kikopo) ya nyumbani au mkate wa kununua shuleni. Kamati ya wazazi kujiunga ni hiari, japo fomu yao imewekwa katikati ya zile za lazima.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kupima sare. Wale wa duka la sare wamepanga meza kwenye korido, mama mmoja mtu mzima mwenye futi shingoni akamwangalia dogo mara moja akamletea koti, lilimkaa!! Alafu akanionyesha kwa ndani mikono imekunjwa na kushonwa kwa uzi mwepesi, mtoto akirefuka unafumua unaongeza, na suruali vilevile, akatushauri tupande saizi moja kwenye koti ila shati tusipande. Kitambaa kizito, lebo inasema limeshonwa Okayama, mkoa unaoongoza Japani kwa sare za shule. Bei imesimama, ukijumlisha ya baridi, ya joto, nguo za michezo na viatu vya ndani vyenye rangi ya mwaka wake, unavuka yen elfu hamsini bila kugusa begi. Lakini ni kitu cha miaka mitatu na yule mama alitupa muda wake wote, hakutukimbiza hata foleni ilivyokuwa ndefu.

Nywele. Hii nimeiweka mwisho kwa sababu nataka muikumbuke. Karatasi ya kanuni inasema hakuna kupaka rangi, hakuna kuweka dawa, hakuna mitindo isiyomfaa mwanafunzi, basi, hakuna maelezo zaidi. Nywele za dogo ni kipilipili alizozaliwa nazo. Februari 2023 huko Himeji, mkoa wa Hyogo, kijana ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi alienda mahafali yake kasuka, wakamtenga wakamkalisha viti vya juu mbali na wenzake. Kwa hiyo sikuondoka. Nilimsubiri mwalimu wa nidhamu nikamwuliza mbele ya dogo mwenyewe, akisuka mistari itakuwaje? Alisikiliza vizuri kwa kweli, akasema nywele asili hazina tatizo ila tujaze fomu ya kuthibitisha ni za kuzaliwa na tuweke picha ya utotoni, kuhusu kusuka atawauliza wenzake atupigie. Alipiga wiki hiyohiyo, wamekubali.

Nashukuru, na bado nasema mtoto kuleta picha kuthibitisha kichwa chake si sawa. Shule za serikali za Tokyo ziliondoa kuanzia Aprili 2022 kanuni kama ile ya kulazimisha nywele zote ziwe nyeusi, Kanagawa hapo ni jirani tu.

Nawapa nyota tatu na nusu, ile nusu ni ya yule mama wa sare. Ukienda mtume mtu anayesoma Kijapani cha fomu, na swali la nywele uulize kabla hujalipia koti.