Kwa Baiskeli Kutoka Mji Mkongwe wa Bagamoyo Hadi Kaole

Kwa yeyote anayetaka kuielewa Bagamoyo kuliko kuipiga picha na kuondoka, napendekeza ziara ya baiskeli ya kwenda kwenye magofu ya mji wa kale wa Kaole, yaliyo takriban kilomita 5 kusini mwa Bagamoyo. Niliifanya na wakala mmoja wa watalii, nami nimeridhika nayo kwa sehemu kubwa.

Tulianzia Mji Mkongwe, tukapita Ngome Kongwe na Boma la Wajerumani, ambao waliufanya mji huu kuwa makao makuu ya koloni lao hadi mwaka 1891. Sehemu hiyo unaweza kuitembea kwa miguu bila kupoteza kitu. Raha ya baiskeli huanza baada ya nyumba kupungua, njia inapokuwa ya mchanga katikati ya minazi, nawe ukiwa katika mwendo unaokuruhusu kuamkia wazee walioketi barazani na kuitikiwa.

Huko Kaole yapo mabaki ya misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na makaburi yenye nguzo ndefu. Nilisimama kwa muda mbele ya nguzo moja nikitazama mashimo ya duara, ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Ukipitisha kidole ukingoni, unahisi jinsi fundi alivyoilainisha chokaa ili bakuli likae sawasawa. Watu bado huja kuomba dua kwenye kaburi la mwanamke mcha Mungu aitwaye Sharifa, kwa hiyo ni vyema kuvaa kwa heshima na kupunguza sauti.

Kilichonigusa zaidi ni njia ya kutoka kwenye magofu kwenda ufukweni. Bandari iliyoitajirisha Kaole ilijaa tope na mikoko, vyombo vikashindwa kufika, na biashara ikahamia Bagamoyo. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo, lakini nililiamini kwa miguu yangu, nilipokanyaga pedali kutoka msikitini na kukuta mikoko imetanda mahali nilipotarajia maji. Anayekuja kwa gari hushuka langoni, huzunguka makaburi, kisha huondoka bila kuupima umbali huo.

Kasoro ilikuwa kwenye baiskeli zenyewe. Matairi yalikuwa membamba mno kwa mchanga, na mwenzetu mmoja alipopata pancha ilibainika kwamba kiongozi hakubeba pampu wala viraka, ikabidi tungoje pampu iletwe kutoka mjini. Kusubiri huko kulikula muda wa Kaole, ambao ndio kiini cha ziara, na wakala anayetoza bei ya watalii hapaswi kuliacha jambo dogo kama hilo. Kiongozi mwenyewe aliifahamu historia vizuri na alijibu maswali yetu kwa subira.

Kabla ya kulipa, omba baiskeli ya matairi mapana, jaribu breki zote mbili na uulize kama kiingilio cha magofu kimo katika bei, kwani chetu tulikilipa kando. Ondokeni alfajiri, na mwombeni kiongozi aanzie Kaole na kuuacha mji kwa ajili ya marejeo.