Uzoefu wangu: kutoka Lubumbashi hadi vinamasi vya Bangweulu, Zambia

Niseme kwanza: ndege nilimwona. Najua wengi mmefungua hapa kwa swali hilo tu. Korongo-nyangumi, yule wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, alisimama katikati ya mafunjo karibu nusu saa bila kugeuza shingo, akivizia samaki. Anakaribia kunifika kifuani. Mzee aliyetuongoza alininong'oneza, "Bamayo (mama), huyu hachoki." Aliyechoka ni mimi, maana nilikuwa nimezama hadi magotini kwenye nyasi zinazoelea juu ya maji.

Safari ilianza vibaya. Nilijipeleka mwenyewe hadi Kasumbalesa (foleni ya malori ya shaba mnaijua), nikavuka mpaka kuingia Zambia, nikapanda basi hadi Ndola, ambako sisi wasafiri sita tulipaswa kukutana. Kampuni ya safari iliandika saa sita mchana. Gari lilifika saa kumi na moja jioni, na simu haikupigwa hata moja. Bei sitaitaja, mume wangu anasoma hapa. Ndani yake mlikuwa na hema, chakula, mtumbwi na ada za hifadhi. Mifuko ya kulalia ilikuwa mitano kwa watu sita, na Juni kule ina baridi ile ile ya kwetu, ila na unyevu juu yake. Usiku wa kwanza nililala nimejiviringisha vitenge vyangu vyote vitatu.

Baada ya Serenje, njia ni ndefu na mgongo unaumia. Ukifika Chikuni, huko vinamasini, unasahau mgongo. Jina Bangweulu maana yake ni mahali maji yanapokutana na mbingu, na kweli huoni mpaka kati ya viwili hivyo. Lechwe weusi, swala wasiopatikana porini penginepo duniani, walikuwa kwa maelfu, wakiruka majini na kwato zao ndefu kana kwamba tope ni lami. Hifadhi inasimamiwa tangu 2008 na shirika la uhifadhi la African Parks pamoja na serikali na jumuiya za wenyeji. Yule mzee ni mvuvi, na sasa analipwa kulinda viota vya korongo, kwa sababu kuna watu wanaoiba makinda kwenda kuuza. Tulipomwomba atupeleke kwenye kiota alikataa kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Na maji yenyewe ni yetu pia. Mto Chambeshi unaoingia hapa ndio mkono wa mbali kabisa wa mto Kongo, na Luapula unaotoka hapa ndio ule unaopita Kasenga, kwenye samaki wetu. Muongoza safari hakulitaja hilo. Nililitaja mimi.

Siku ya nne ilikuwa ya "utamaduni", yaani kijiji cha wavuvi. Tuliletewa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, na kikanda. Muongoza safari akaanza kueleza kwa Kiingereza viazi vya okidi vinavyopondwa na karanga, na Wabelgiji wawili wakakipiga picha kila upande. Mimi nilikula vipande vitatu kimya kimya. Nimetoka mbali hivi kulipia kikanda ambacho nilikuwa nakinunua nikitoka shule!

Kisha mzee wa kijiji akasimama. Aliongea Kibisa, ndugu wa karibu wa Kibemba, na mimi nimelelewa na bibi Mbemba. Aliongea kirefu juu ya miezi ya kufungwa uvuvi, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Alisema samaki lazima wazae, hilo hapingi, lakini miezi hiyo ndiyo miezi ya njaa, na wenye nyavu kubwa hawangoji mtu. Muongoza safari akatafsiri: "Anasema karibuni sana kijijini."

Nikanyoosha mkono. "Bashikulu (babu), niruhusu niwaambie ulichosema." Akacheka, akaniruhusu. Kuanzia hapo yakawa mazungumzo: Wabelgiji wakauliza maswali ya maana, akina mama wakajibu, mzee akaniuliza samaki wa Luapula wanauzwa bei gani Lubumbashi, na nilipomtajia alinyamaza muda mrefu. Ngoma iliyopangwa haikuchezwa tena, na hakuna aliyeiulizia. Muongoza safari alininunia hadi Ndola.

Kwa anayetaka kwenda: Mei hadi Julai ndiyo nzuri kwa korongo, kabla maji hayajarudi nyuma nao wakayafuata. Popo wa Kasanka, hifadhi ya jirani, ambao wengine hutoka Kongo, ni Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo hutaweza kupata vyote kwa safari moja. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: mifuko ya kulalia ni mingapi, na nani anatafsiri. Mimi nitarudi mwakani na kampuni nyingine, blanketi langu begani, na nimeshamwahidi yule mzee wa korongo kumpelekea tochi.